Benki za maswali na mtihani wenyewe: ulinganisho kwa daktari anayejiandaa kwa USMLE au PLAB

Daktari kijana aliyesoma Muhimbili, Nairobi au Makerere akiamua kutafuta leseni ya Marekani (kwa mtihani wa USMLE) au ya Uingereza (kwa mtihani wa PLAB), swali la kwanza analowauliza waliomtangulia karibu kila mara ni lilelile: ninunue benki gani ya maswali, yaani mkusanyiko gani wa maswali ya mazoezi ya mtandaoni? Majibu humjia mengi kwa pamoja. Mmoja anamwambia UWorld inatosha, mwingine anasema bila AMBOSS asijisumbue, wa tatu anamtumia faili la maswali "yaliyotoka mwezi uliopita". Kabla hajatoa hela, kuna swali linalopaswa kutangulia hilo. Benki ya maswali inafanana na mtihani kwa kiasi gani, na inaachana nao wapi? Akilijua hilo, atajua pia anunue nini, akitumie lini na aache nini.

Msimamo wangu nauweka mapema. Benki ya maswali imetengenezwa ili ikufundishe, na mtihani umetengenezwa ili ukupime. Kwenye kompyuta vinaonekana kama kitu kimoja: mgonjwa, vipimo, majibu matano, saa inayohesabu kurudi nyuma. Kufanana huko kwa sura ndiko kunakowagharimu watu, kwa sababu wanaisoma asilimia ya benki kana kwamba ni utabiri wa matokeo, kisha wanaingia chumba cha mtihani wakitarajia maswali yaliyoandikwa na mtu anayewatakia waelewe.

Swali limeandikwa kwa ajili ya nini

USMLE, yenye hatua tatu (Step 1 ya sayansi za msingi, Step 2 CK ya maarifa ya kliniki, na Step 3), inaendeshwa na taasisi mbili za Marekani: FSMB, ambayo ni shirikisho la mabaraza ya udaktari ya majimbo, na NBME, bodi ya taifa ya watahini wa udaktari. Maswali huandikwa na madaktari na wahadhiri, kisha huwekwa kwanza kwenye mitihani halisi bila kuhesabiwa alama, ili ionekane watahiniwa wanayajibu vipi. Maana yake siku ya mtihani baadhi ya maswali yatakayokuumiza kichwa hayana alama yoyote, na huna njia ya kuyatambua. Linalobaki na kuhesabiwa ni lile lililoonyesha kwamba linamtenganisha anayejua na asiyejua. Kukufundisha si kazi yake.

UWorld, kampuni ya Texas iliyoanza mwaka 2003, na AMBOSS, iliyoanzia Ujerumani kwa ajili ya wanafunzi wa huko, zina waandishi wao. Maswali yao hayakutoka kwenye mtihani. Thamani yake iko chini ya swali, kwenye maelezo: kwa nini jibu B ni sahihi, kwa nini D lilikuvuta, na ni dalili ipi ungeiona ndipo D liwe sahihi.

Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe. Mwanamke wa miaka 34 amechoka kwa miezi kadhaa, amepungua uzito, anatamani chumvi, na fizi zake pamoja na mikunjo ya viganja imekuwa myeusi zaidi. (Kwa ngozi zetu, hapo ndipo pa kutazama, picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe.) Sodiamu iko chini, potasiamu iko juu. Benki itakupa dalili hizo karibu zote kwa mpigo, maana inataka ugonjwa wa Addison ukukae kichwani ukiwa mzima. Itakuuliza ni sehemu gani ya tezi ya adrenali imeharibika, na ukishajibu itakueleza kwa nini rangi hubadilika tezi yenyewe ikiharibika lakini haibadiliki tatizo likiwa kwenye tezi ya pituitari, na kwa nini katika hali hiyo ya pili potasiamu haipandi. Swali moja, na umeondoka na masomo matatu.

Mtihani unaweza kumleta mwanamke huyohuyo bila neno hata moja kuhusu ngozi. Atakuja anatapika, presha imeshuka, alikuwa na mafua siku chache zilizopita, anatumia levothyroxine kwa tatizo la tezi ya shingo. Itafuata aya ndefu ya kazi yake, ukoo wake, na vipimo ambavyo vingi viko sawa. Swali litauliza ni homoni gani utaikuta imepanda. Neno adrenali halimo popote. Unatakiwa uruke hatua mbili kimyakimya, kwanza kuujua ugonjwa, pili kujua matokeo yake kwenye damu, kisha uende swali linalofuata bila kuambiwa kama umepatia.

Mtahiniwa aliyefanya maelfu ya maswali ya benki bila kuyasoma maelezo atalikosa swali hilo, na atatoka akilalamika kwamba halikuwamo kwenye benki. Lilikuwamo. Lilikuwa kwenye aya ya tatu ya maelezo, ile aliyoiruka baada ya kuona alama ya kijani ya jibu sahihi.

Mgonjwa wa nchi gani?

Hapa ndipo daktari wa kwetu anapopaswa kuwa makini kuliko mwenzake aliyesoma Chicago, na ni jambo ambalo ushauri mwingi unaozunguka haulitaji, kwa kuwa umeandikwa na watu wasiolihitaji.

Kwenye wodi zetu, tezi za adrenali zikishindwa kazi, kifua kikuu kinaingia akilini mapema sana, na ni haki kiingie. Kwenye swali la Marekani, kama hakuna kikohozi, hakuna kuishi gerezani wala safari ya nje, sababu inayotarajiwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, na ile levothyroxine iliwekwa pale kukuelekeza huko. Kijana mwenye homa na upele uliopiga duara kama shabaha, aliyetoka kambini Connecticut, ana ugonjwa wa Lyme. Mkulima wa Arizona mwenye kikohozi na maumivu ya viungo ana kuvu wa jangwani ambao wengi wetu hatujawahi kumtibu mgonjwa wake hata mmoja. Jina la jimbo kwenye swali la USMLE mara nyingi ni dalili, na benki nzuri inakuzoesha kulisoma hivyo. Kwa upande huu benki inafanana na mtihani vizuri sana, na kwa mtu wa Afrika Mashariki ndiyo faida yake kubwa ya kwanza: inakuhamisha hospitali.

Vipimo navyo vina lugha yake. Sukari ya 10 kwa milimoli ni 180 kwa miligramu, na kreatinini ya 88 kwa mikromoli ni 1.0. Mtihani wa Marekani hutumia miligramu. Jedwali la viwango vya kawaida lipo na lina safu ya vizio vya kimataifa, lakini kulifungua kila mara kunakula sekunde ambazo huna. Uingereza inatumia milimoli kama sisi, ila himoglobini yao utaikuta imeandikwa 110 mahali ulipozoea 11, na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) imeandikwa 48 mahali Mmarekani anapoandika 6.5.

Kisha kuna miongozo. Marekani, kwa mapendekezo ya mwaka 2024, mwanamke asiye na hatari ya ziada anaanza kupigwa picha ya matiti akiwa na miaka 40, kila baada ya miaka miwili. Uingereza anaitwa kwa mara ya kwanza kati ya miaka 50 na 53, kisha kila baada ya miaka mitatu. Uingereza, mtu mwenye asili ya Afrika mwenye shinikizo la damu bila kisukari anaanzishiwa dawa ya kundi la amlodipini hata kama ana miaka 40, ilhali mwenzake mweupe wa umri huo anaanza na dawa ya kundi la ramipril. Haya yanaulizwa. Daktari anayejiandaa kwa PLAB kwa kutumia benki ya Marekani, eti kwa sababu rafiki yake alimwachia akaunti yenye miezi minne, anajifunza kwa bidii majibu yatakayomkosesha alama.

Kuna eneo moja ambapo benki na mtihani vyote viwili vitakushangaza kwa namna moja: maadili na mazungumzo na mgonjwa. Familia inakuvuta pembeni na kukuomba, "Daktari, tafadhali usimwambie mama kwamba ni saratani." Kwetu ombi hilo ni la kila wiki, na madaktari wengi huliheshimu. Kwenye USMLE jibu linaanza kwa kuisikiliza familia ina hofu gani, kisha unamwuliza mama mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Usipolifanyia mazoezi jambo hili, utajibu kwa malezi yako, na malezi yako hayapimwi pale. Benki zina maswali ya namna hii, lakini kwa maoni yangu ndipo zilipo dhaifu kuliko kwingine. Majibu yake mabaya yanaonekana mabaya waziwazi. Kwenye mtihani unakuta sentensi tano za upole, zote zinaweza kusemwa na mtu mwema, na moja tu ndiyo inayotangulia nyingine.

Asilimia haimaanishi unachodhani

"Nina 58 kwenye UWorld, nitafaulu?" Swali hili haliwezi kujibiwa, na si kwa sababu jibu ni siri.

Asilimia ya benki inabeba mambo mengi mno. Mtu aliyefanya maswali ya moyo peke yake, jioni ileile aliyosoma moyo, akiwa kwenye hali ya mafunzo inayoonyesha jibu papo hapo, atapata 75. Mwenzake aliyeanza na mchanganyiko wa masomo yote, kwa saa, kabla hajasoma vizuri, atapata 50, na huenda ndiye anayejua zaidi. Aliyerudia benki mara ya pili anapata 85 kwa sababu anamkumbuka mgonjwa: "huyu ni yule wa ndizi nyingi na figo." Hapo anaipima kumbukumbu ya sentensi. Na wale wanaochangia akaunti moja watatu hawana asilimia kabisa, maana namba wanayoiona si ya yeyote kati yao. Achilia mbali kwamba kampuni hukataza jambo hilo na inaweza kuifunga akaunti katikati ya maandalizi.

Mtihani hauhesabu hivyo. Idadi ya majibu sahihi hugeuzwa kuwa alama iliyosawazishwa, ili aliyepata karatasi ngumu asionewe na aliyepata nyepesi asipendelewe. Waendeshaji wenyewe husema mtahiniwa kwa kawaida anahitaji kupata takribani asilimia 60 ya maswali ili afaulu, na watu wakisikia hivyo huilinganisha na 58 yao ya benki. Hizo ni 60 za maswali mengine, ya ugumu mwingine, siku nyingine.

Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kutabiri kipo, na ni majaribio ya kujipima ya NBME. Bodi hiyohiyo inayoshiriki kutunga USMLE inauza fomu za maswali 200, bloku nne za maswali 50, dakika 75 kila moja, kwa kama dola 60 kwa fomu. Ukimaliza ya Step 1 unapewa asilimia iliyosawazishwa na makadirio ya uwezekano wako wa kufaulu kama ungefanya mtihani ndani ya wiki moja. Namna ya kuuliza, urefu, ule ubaridi wa swali lisilokusaidia, vyote viko karibu na mtihani kuliko benki yoyote ya kibiashara. Kwa kufundisha, fomu hizi ni hafifu ukizilinganisha na UWorld. Mtu anayezitumia mwanzoni kabisa kama kitabu cha kujifunzia anachoma kipimo alichokihitaji mwishoni, kwa sababu fomu ukishaiona haikupimi tena.

Karibu nazo ni maswali 120 ya bure kwenye tovuti ya USMLE yenyewe. Hakuna sababu yoyote ya kuyaacha. Yaweke kwenye siku kumi za mwisho.

UWorld nayo ina majaribio yake ya kujipima. Yana msaada, hasa kwa Step 2 CK, lakini mimi huyaweka nyuma ya NBME. Yakigongana, naiamini NBME.

Step 1 na Step 2 CK hazitaki kitu kimoja

Tangu tarehe 26 Januari 2022, Step 1 inatoa jibu moja: umefaulu au hukufaulu. Watu walidhani mtihani umelainika. Kwa waliosoma nje ya Marekani na Kanada, waliofaulu kwa mara ya kwanza katika miaka miwili iliyofuata walikuwa takribani robo tatu, wakati kwa wenye shahada ya udaktari (MD) ya Marekani ni zaidi ya tisa kati ya kumi. Na ukifeli, alama hiyo inabaki kwenye rekodi yako na wakurugenzi wa mafunzo ya ubingwa wataiona. Kila Step unaruhusiwa kuijaribu mara nne tu maishani.

Kwa hiyo kwa Step 1 lengo la maandalizi ni uhakika wa kuvuka. Benki moja, uimalize, maelezo uyasome, kisha fomu za NBME zikuambie kama ni wakati. Hakuna anayekulipa kwa kuvuka kwa mbali.

Step 2 CK inatoa namba, na baada ya Step 1 kunyamaza, namba hiyo ndiyo inayobeba maombi yako ya nafasi. Hapa benki ya pili inaweza kuwa na maana, na AMBOSS inafaa kwa kazi hiyo: maktaba yake imeunganishwa na maswali, na kila swali lina daraja la ugumu. Tahadhari yangu ni kuhusu yale ya daraja la juu kabisa. Ni magumu kuliko mtihani, na yanawavunja moyo watu waliokuwa wanaenda vizuri. Ukiwa na wiki tatu zimebaki, yaache.

Step 3 sitakaa nayo. Ina siku mbili, na siku ya pili kuna wagonjwa 13 wa kompyuta ambao unawaandikia vipimo na dawa mwenyewe huku saa ya mgonjwa ikienda. Maswali ya kuchagua hayakufundishi programu ile. Fanya mifano ya bure iliyoko kwenye tovuti ya USMLE mpaka vidole viizoee.

Uchovu

Kwa muundo uliokuwapo mwaka 2025, Step 1 ilikuwa siku ya saa nane: bloku saba za dakika 60, kila moja na maswali yasiyozidi 40, dakika 45 za mapumziko ambazo mtahiniwa alizigawa mwenyewe, na dakika 15 za maelekezo ambazo akiziruka ziliongezwa kwenye mapumziko. Step 2 CK ilikuwa saa tisa, bloku nane, maswali yasiyozidi 318. Mgawanyo wa bloku hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti ya USMLE kabla ya kupanga ratiba, usiutegemee ujumbe wa mtu aliyefanya miaka miwili iliyopita. Kwa vyovyote utabaki na kama dakika moja na nusu kwa swali.

Watu wengi hufanya benki kwa maswali 20 au 40, wanakunywa chai, wanajibu simu, wanarudi. Hakuna ubaya, hiyo ni kusoma. Lakini kama hujawahi kukaa saa saba za maswali kwa siku moja, bloku ya sita itakukuta ukisoma sentensi moja mara tatu. Mpango ninaoupenda ni huu: kama wiki mbili kabla, fanya fomu moja ya NBME, ambayo ni saa tano, kisha bila kulala unganisha bloku mbili za benki za maswali 40 kwa saa. Jumla ni saa saba za maswali. Anza muda uleule utakaoanza mtihani, kula utakachokula siku hiyo, na utafute mahali penye umeme wa uhakika au jenereta. Simu iwe chumba kingine. Siku ya mtihani yenyewe utakaguliwa mifuko, utaacha kila kitu kwenye kabati, na kila ukitoka na kuingia utahakikiwa upya. Dakika hizo zinakatwa kwenye mapumziko yako.

Kwa anayeelekea Uingereza

PLAB 1 ni maswali 180 kwa saa tatu. Dakika moja kwa swali, na hakuna kupunguziwa alama kwa jibu lisilo sahihi. Kiwango ni cha daktari anayeanza mwaka wa pili wa kazi baada ya kuhitimu, na tangu 2024 maudhui yake yamefungamanishwa na mtihani wa leseni ambao wahitimu wa Uingereza nao wanaufanya. Maswali ni mafupi kuliko ya Marekani na yanaelekea zaidi kwenye "ufanye nini sasa" kuliko kwenye "kwa nini". Benki kama Plabable na Passmedicine ziko karibu na mtihani huu kwa namna ambayo UWorld haiko karibu na Step 1, na bei yake ni makumi ya pauni, si mamia. Kwa PLAB 1, benki moja ya Uingereza pamoja na miongozo ya NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba ya huko, ndiyo maandalizi. Sioni haja ya zaidi.

Alama ya kufaulu hupangwa upya kwa kila mtihani na jopo linalotazama ugumu wa maswali, kwa hiyo usishike namba ya mtu aliyefanya Machi ukadhani ndiyo yako ya Agosti.

PLAB 2 ni jambo jingine kabisa. Inafanyika Manchester, ada yake ni kama pauni 1,000 kabla ya ndege na malazi, na ni vituo 16 vya dakika nane nane mbele ya waigizaji wanaocheza wagonjwa. Hakuna benki ya maswali ya kuchagua inayofanana nayo. Daktari aliyezoea kuona wagonjwa 60 kwa siku amejifunza kuuliza haraka na kuandika dawa, na hakuna wa kumlaumu. Pale wanapima kama umemwuliza mgonjwa yeye mwenyewe anadhani ana nini, anaogopa nini, na alikuja akitarajia nini, kisha ukakubaliana naye. Hilo linafanywa kwa mdomo, na mwenzako, kwa saa, kila siku. Yule anayenunua benki ya tatu kwa ajili ya PLAB 2 angefanya vizuri zaidi kumtafuta mtu mmoja wa kufanya naye mazoezi.

Mafaili ya "yaliyotoka"

Nimeyataja mwanzoni na lazima niyaseme waziwazi. Kwenye makundi ya simu yanazunguka mafaili ya maswali yanayodaiwa kukumbukwa na waliotoka chumba cha mtihani. Mtu anayetumiwa hudhani ni sawa na zile karatasi za mitihani iliyopita tulizopitia kidato cha nne. Siyo. Karatasi zile zilichapishwa na baraza lenyewe la mitihani. Maswali ya USMLE yana hakimiliki, kuyasambaza na kuyatafuta ni ukiukaji wa masharti unayoyatia saini, na adhabu inaweza kukufungia njia kabisa.

Januari 2024 waendeshaji wa USMLE walitangaza kufuta matokeo ya mamia ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal, kwa sababu ya mwenendo wa alama waliouona si wa kawaida. Waliofutiwa walitakiwa, miongoni mwa njia walizopewa, kufanya mtihani wa uhakiki. Baadhi yao walikwenda mahakamani Marekani wakidai wamebaguliwa kwa utaifa. Kesi ile iwe na haki upande wowote, fikiria hali ya daktari wa nchi hiyo ambaye hakugusa faili lolote na akajikuta anatakiwa kujithibitisha upya. Watahiniwa kutoka Tanzania, Kenya na Uganda ni wachache. Kundi dogo likichafuka, linachafuka lote, na wadogo zetu ndio watakaolipa.

Hata ukiweka uhalali pembeni, mafaili hayo ni maandalizi mabovu. Majibu yake yameandikwa na mtu aliyekuwa na hofu na aliyesahau nusu ya swali. Mtihani ukibadilisha umri wa mgonjwa au kipimo kimoja, jibu ulilokariri linageuka kosa.

Hela iende wapi

Ada ya Step moja kwa aliyesoma nje ya Marekani ni zaidi ya dola 1,000. Benki ya UWorld ni mamia ya dola kulingana na miezi. Kwa mshahara wa interni hiyo ni akiba ya muda mrefu, na kwa wengi ni fedha za wazazi. Kwa hiyo nasema hivi: usilipie benki mpaka uwe na miezi unayoweza kukaa nayo. Muda wa akaunti unaanza kuhesabika ukiiwasha, na hautajali kama umepangiwa zamu za usiku. Mtu aliye kwenye mwaka wa mafunzo kazini wenye zamu nzito asome kwanza misingi kwa vitabu alivyonavyo, kisha alipie miezi mitatu au minne atakayoitumia kweli.

Mwenye fedha ya kitu kimoja tu kwa Step 1 anunue UWorld kwa miezi hiyo na ayafanye yale 120 ya bure. Mwenye zaidi kidogo asiongeze benki ya pili. Aongeze fomu mbili za NBME. Benki ya pili inakuja baada ya hapo, na kwa Step 2 CK tu. Kwa PLAB 1, benki moja ya Uingereza, na fedha iliyobaki iwekwe kwa Manchester.

Na anayejiandaa kwa mtihani wa baraza la nyumbani, kwa mfano aliyesoma China, Urusi au Ukraine na sasa anarudi Kenya au Tanzania kutafuta usajili, asidanganyike kwamba benki hizi zitamfaa kwa sehemu kubwa. Zitamfundisha fiziolojia vizuri. Malaria kali kwa mtoto, kumkinga mtoto na virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama, utapiamlo mkali, hayo yako kwenye miongozo ya wizara na kwenye wodi, na ndiko aende.

Kuhusu tarehe, usiishike kwa ubishi. Kama fomu mbili za NBME zilizofuatana, ulizofanya kwa saa na bila kufungua kitabu, zote zimekupa uwezekano mkubwa wa kufaulu, nenda ukafanye hata kama benki imebaki asilimia 15 haijaguswa. Kama ya mwisho imeanguka chini ya mstari, ahirisha, na uahirishe mapema, kwa sababu kadiri siku inavyokaribia gharama ya kubadilisha inapanda. Asilimia ya benki isiingie kwenye uamuzi huo kwa upande wowote.